Jirani Asiyevua Helmeti

Kettering,
4 Oktoba 2004

Kwa Bibi Enid Oldroyd,

Hunijui, na naomba radhi kukujia hivi bila hodi. Naitwa Roland Pegg. Kazi yangu ni kuuza miwani dukani hapa mjini, lakini mke wangu husema kazi yangu hasa ni kipindi cha Gurudumu, na miwani naifanya nikipata nafasi.

Kama hukitazami, nikueleze. Kila Jumapili watangazaji watatu hupiga domo kuhusu magari. Ikifika zamu ya gari kujaribiwa kweli kweli, hutokea mtu nyuma ya uzio wa mbao, kavaa ovaroli ya kijivu na helmeti yenye kioo cheusi, mkononi kashika chupa ya maziwa kama mtu aliyekuja kurudisha alichoazima. Wanamwita Jirani. Huiweka chupa chini, huingia garini, na anachokifanya humo sijaona mwingine akikifanya. Hasemi neno. Helmeti havui. Jina lake, eti hata watangazaji hawalijui.

Sisi mashabiki tuna jukwaa letu mtandaoni, na kazi yetu ni moja tu: Jirani ni nani? Wako wanaosema ni polisi mstaafu. Wako wanaosema ni kasisi. Kuna bwana mmoja wa Leeds anayejiita Pistoni, huyo anaapa ni mwanamke, na ushahidi wake ni kwamba amepima mabega kwenye skrini kwa rula. Ndio watu ninaoshindana nao.

Mimi nasema ni mwanao Russell.

Nilimwona akiendesha mbio za magari mwaka 1994, mimi na marehemu baba tumesimama kwenye tope la msituni tangu alfajiri. Mkono ule ukishauona kwenye kona, huusahau. Najua yaliyotokea miaka miwili baadaye, na pole sana kwa msiba wa mdogo wake, Adrian. Najua pia kwamba Russell hakuonekana tena baada ya mazishi. Je, Bibi, unayo picha yake ya karibu? Na umewahi kusikia yuko wapi?

Wako mwaminifu,
Roland Pegg


Skelderby, Yorkshire,
7 Oktoba

Bwana Pegg,

Nilikuwa na mwana mmoja. Anaitwa Adrian na yuko nyuma ya kanisa, hatua chache kutoka dirisha langu la jikoni. Huyo mwingine unayemtaja sina habari zake na sizitaki. Picha sina.

Usiniandikie tena.

E. Oldroyd

Kipindi hicho ni saa ngapi?


Kettering,
11 Oktoba

Bibi Oldroyd,

Ni saa mbili usiku, Jumapili. Nimefurahi ulivyouliza!

Sasa nikupe jambo ambalo sijamwambia mtu, hata kule jukwaani. Watu huja kwangu kutwa nzima na macho yao. Mtu asiyeona upande mmoja namjua akiwa bado mlangoni, kabla hajaniambia habari za asubuhi. Basi mtazame Jirani anapokaribia kona ya kushoto. Hazungushi macho tu kama wewe na mimi. Anageuza kichwa kizima, kama kuku anayetazama punje. Kona ya kulia hafanyi hivyo. Nimerudia kanda zote za msimu huu mpaka mashine imeanza kunuka moto.

Jirani ana chongo. Jicho la kushoto halioni. Fikiria, Bibi! Dereva bora wa televisheni nzima, na anaendesha kwa jicho moja!

Magazeti ya mwaka ule yaliandika tu kwamba Russell aliumia usoni. Hayakusema jicho. Ninachohitaji ni neno lako moja: lilikuwa la kulia au la kushoto?

Roland Pegg


Skelderby,
19 Oktoba

Bwana Pegg,

Nimemtazama. Ndiye. Anapandisha bega moja anapotembea, vilevile kama marehemu baba yake alipokuwa akiingia mahali ambapo hakualikwa.

Ni la kushoto. Na picha nimeipata, imo humu.

Nilikuwa mkali katika barua yangu ya kwanza. Nisamehe, mimi ni mjane na sijazoea wageni. Ukweli ni kwamba ninaumwa, Bwana Pegg. Daktari haniahidi kwamba nitauona mwaka mwingine. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Ningependa kumwona kabla sijaenda. Hicho kipindi wanakipigia picha wapi? Watu wa kawaida huruhusiwa kuingia? Na yeye husimama wapi, karibu na watu au mbali?

Usimwambie kwamba nimeuliza hayo ya mwisho. Mwambie tu kwamba mama yake mgonjwa.

Enid Oldroyd


Kettering,
25 Oktoba

Kwa Jirani, kupitia ofisi ya Gurudumu
(Asifungue mwingine)

Ndugu Russell,

Usishtuke. Anayekuandikia ni shabiki, tena shabiki wa kweli, si wale wa rula. Najua wewe ni nani na najua habari ya jicho lako. Kabla hujakasirika, jua kwamba sijamwambia mtu, na sababu ya kuandika si mimi. Ni mama yako. Anaumwa. Yeye mwenyewe ameniandikia kwa mkono wake kwamba huenda asiuone mwaka mwingine, na kwamba anataka kukuona.

Nipo tayari kuwa daraja. Ukinijibu, mambo yote yatabaki baina yetu mpaka mama apate haki yake. Usiponijibu, nitaona nimekosea mtu, na hapo sitakuwa na sababu ya kuendelea kunyamaza.

Kwa heshima isiyo na kipimo,
Roland Pegg

N.B. Ile kona ya mwisho Jumapili iliyopita, na matairi yale kwenye mvua! Uliwezaje?


Lincolnshire,
2 Novemba

Bwana Pegg,

Ofisi ilinipa barua yako pamoja na za watoto wanaotaka kujua kama yale maziwa huwa nayanywa. Huwa siyanywi. Ni maji yenye rangi.

Sijui kwa nini nakujibu. Nadhani ni hilo neno kwamba mama anakufa. Na pia umeniambia nisipojibu utasema. Umeliandika kwa adabu, lakini nimelisoma.

Umepatia. Ni mimi, na jicho ni hilo. Humu kwenye kipindi anayejua ni mama mmoja tu, ndiye bosi wangu. Siku ya kwanza aliniambia, "Sikukuuliza, hukuniambia. Sawa, Russ?" Nikasema sawa. Watu wa bima hawajui. Siku wakijua, ndiyo siku yangu ya mwisho, na pengine yake pia. Mbio za kweli hazinitaki tena, na kazi nyingine siijui. Ndani ya helmeti hii nafanya kitu pekee ninachokiweza, na hakuna anayenitazama usoni. Ninyi huko mnadhani nimefichwa. Mimi nalala usingizi.

Sasa habari ya nyumbani. Tafadhali isome kisha uiache.

Siku ile si mimi niliyekuwa kwenye usukani. Ilikuwa imebaki sehemu moja ya mbio, na tulikuwa tumeshashindwa, hakuna cha kupoteza. Adrian, msoma ramani wangu, alikuwa amekaa pembeni akinisomea kona tangu asubuhi, tope mpaka masikioni. Akasema, "Russ, niachie. Mara moja tu. Nani ataona?" Nikasema panda. Tukabadilishana viti nyuma ya rundo la magogo, tunacheka kama wezi wa matunda. Kwa ile haraka hakuukaza mkanda wake. Na aliendesha vizuri, ujue. Zile kona za mwanzo alizikata kuliko mimi. Kisha njia ikapinda na yeye hakupinda nayo.

Nilimtoa kabla watu hawajafika. Niliwasikia wakija wanapiga filimbi, na damu ilikuwa inanijaa jichoni, na hapo hapo nikaamua. Mama alimpenda Adrian kiasi kwamba mtu akiingia ndani ya nyumba ile alijua. Sikumwonea wivu, hata mimi nilimpenda hivyo. Nikawaza, nikimwambia kwamba mtoto alijiua kwa mchezo wake mwenyewe, atakufa naye. Basi nikasema nilikuwa naendesha mimi. Nilidhani jina langu litaota tena, kama ukucha. Halikuota. Siku ya mazishi alisimama mlangoni, akaniambia, "Hapa si kwenu."

Sijamwambia mtu haya. Nakwambia wewe kwa sababu ni mgeni, na kwa sababu wewe umezungumza naye na mimi sijazungumza naye. Nijibu kama mtu: kweli anakufa? Nikija atanifungulia?

Na nakuomba, Bwana Pegg. Habari ya jicho usiitoe. Na ya Adrian usimwambie yeye wala mwingine yeyote. Sikuwahi kumwomba mtu kitu tangu mwaka ule.

Russell Oldroyd


Kettering,
8 Novemba

Mama Oldroyd (uniruhusu nikuite hivyo sasa),

Kaa chini kabla hujasoma.

Mwanao hana hatia! Nimekunakilia maneno yake yote kwenye karatasi ya pili, nukta kwa nukta. Aliyeendesha ni Adrian. Russell alilibeba jambo zima ili wewe usivunjike moyo. Nililia dukani, mteja akaniuliza kama ni bei ya fremu. Aliniomba nisikwambie, lakini nikajiuliza, mimi ni nani nimnyime mama ukweli? Mtu huzuiwa kusema ubaya, hazuiwi kusema wema.

Kuna dogo lingine. Pistoni alianza kuandika jukwaani kwamba Jirani "ana kasoro ya shingo". Umeona? Alikuwa nyuma yangu hatua moja. Miaka miwili ya jasho langu ingekwenda kwa mtu mwenye rula! Alhamisi nikaiweka habari ya jicho, na jina, na picha uliyonitumia. Jukwaa lilizimika kwa wingi wa watu. Jana gazeti la London limenipigia, ingawa ofisi ya Gurudumu inasema ni uvumi tu. Nina hakika Russell ataelewa, kwa sababu mtu aliyempata mama yake helmeti ya nini tena?

Nimekupatia tiketi. Ni Jumapili tarehe 21, kwenye uwanja wa zamani wa ndege. Nimemwandikia kwamba unamngojea kwa mikono miwili, naye amenijibu kwa neno moja: "Nitakuja." Wakimaliza kupiga picha, nitamleta nyuma ya kibanda cha chai mkutane peke yenu. Vaa koti zito. Uwanja ule upepo wake hauna huruma na wagonjwa.

Wako kama mwana,
Roland


Kettering,
24 Novemba

Bibi Oldroyd,

Sijui nianzie wapi.

Tulikubaliana nyuma ya kibanda cha chai. Nilikuwa nimekuwekea kiti na blanketi. Ulisema unakwenda msalani.

Nakubali, watu walikuwa wameshaanza kuharibu. Wale vijana waliofunika jicho moja kwa vitambaa vyeusi, na kupiga kelele, "Chongo! Chongo!" alipotokea nyuma ya uzio na chupa yake. Sikuwatuma mimi. Nilidhani ni utani na utapita. Yeye hakugeuka hata kidogo, akaendelea kutembea. Na ndipo nikakuona umepita chini ya kamba, taratibu, kama mtu anayeanua nguo, na walinzi wakakuachia kwa sababu nani atamzuia bibi mwenye kofia ya sufu?

Nilikuwa mbali, lakini upepo ulikuwa unaleta sauti. Ulimwambia, "Russell. Vua hiyo." Watu wakacheka, wakadhani ni sehemu ya kipindi. Alisimama kidogo. Akaiweka chupa chini. Akaivua.

Bibi Oldroyd, sijawahi kuona uso uliokaa gizani muda mrefu hivyo. Alikuwa anatabasamu. Nataka ujue hilo kama hukuliona, kwa sababu ulikuwa umeshawageukia watu. Ukasema kwa sauti ya mwalimu, "Huyu ndiye aliyemuua mdogo wake. Mpigeni picha."

Wakapiga. Naye akakuambia, "Mama, unaumwa. Njoo ukae." Akanyoosha mkono akushike kiwiko. Ukamjibu, "Siumwi popote." Ule mkono ukabaki hewani, hajui pa kuuweka.

Kwenye kipindi wamemwachisha kazi Jumatatu. Yule bosi wake naye ameondoka. Magazeti umeyaona.

Nakuuliza jambo moja tu. Nilikuandikia tarehe 8 kwamba aliyeendesha ni Adrian. Barua haikufika? Ilipotea njiani? Niambie ilipotea.

R. Pegg


Skelderby,
29 Novemba

Bwana Pegg,

Barua ilifika. Barua zako zote zimefika, watu wa posta hawana kosa. Na mimi si mama yako.

Nilikuwa muuguzi tangu usichana mpaka nilipostaafu. Waliponipeleka kumtambua Adrian niliwaambia watoke, nikalifunua shuka mwenyewe. Kifuani alikuwa na alama ya mviringo, imekaa kama bangili iliyokandamizwa kwenye unga. Msoma ramani hana usukani mbele yake. Na tawi lililomtoboa Russell liliingia kwa dirisha la kushoto, la abiria. Yote hayo niliyaona kabla hawajaniletea kikombe cha chai. Sikuwa nangoja muuza miwani anifumbue macho.

Basi utauliza kwa nini. Nitakujibu, kwa sababu naona wewe ni mtu usiyelala bila jibu.

Hapa kijijini kuna kombe la Adrian Oldroyd. Kila mwaka mimi ndiye ninayelitoa kwa kijana aliyeendesha vizuri, na wazazi hunishika mkono. Adrian kwao ni mtoto aliyekatishwa maisha. Unataka niwaambie alikuwa mpuuzi aliyeshindwa kufunga mkanda, akajiua, akamtoa na kaka yake jicho? Marehemu hana kitu isipokuwa anavyosemwa. Aliye hai ana mgongo, atabeba. Na Russell alibeba mwenyewe, sikumtwisha. Alisimama mbele ya polisi akasema ni yeye. Vizuri. Akae hapo hapo aliposimama.

Tena usije ukadhani alikuwa na nafasi kwangu kama angesema kweli. Alikuwa mkubwa. Mdogo wake alimwomba kitu cha kumuua, naye akampa, tena anacheka. Sikumfukuza kwa uwongo wake, Bwana Pegg. Nilimfukuza kwa kusema "panda", hata kabla hujaninakilia neno lenyewe.

Nilikuwa nimeridhika asionekane. Ungeliniacha, ningeliendelea kuridhika. Lakini wewe ukaniambia saa mbili usiku Jumapili, nikawasha, nikaona watu mia kadhaa wanampigia makofi. Sikuweza kuvumilia yale makofi.

Wahenga wanasema ukipenda, chongo utaita kengeza. Mimi naita chongo.

Sasa hana kazi na hana pa kujificha. Atarudi. Chumba kipo.

E. Oldroyd


Kettering,
10 Desemba

Russell,

Nimeandika barua hii mara nyingi na kuichana. Najua huna sababu ya kuisoma.

Nimekukosea. Nilitaka kufanya wema, na nakubali kwamba nilitaka pia kuwa wa kwanza. Sikujua kimoja kinaweza kula kingine. Mke wangu hajasema nami vizuri tangu alipoona picha ya uso wako gazetini. Jukwaani wamenipa cheo, ila nimekikataa kwa siku tatu.

Humu ndani nimeweka barua ya mama yako ya tarehe 29. Nilijiuliza sana kama nikupe. Mwishowe nimeona una haki ya kujua kwamba alikuwa anajua, tangu siku ya kwanza. Labda itakupunguzia mzigo. Humwuzii tena uwongo. Uko huru.

Sina la kujitetea zaidi.

Roland Pegg

N.B. Najua si wakati wake. Lakini wameshatoa Jirani mpya, ovaroli ile ile, chupa ile ile. Anakanyaga breki kwa mguu wa kushoto, na Pistoni anadai ni yule kijana wa Norfolk aliyefungiwa mbio za mzunguko. Mimi nasema sivyo, kijana yule ni mfupi. Wewe lazima umemwona. Hata kama ni ndiyo au hapana tu.


Skelderby,
6 Machi 2005

Bwana Pegg,

Barua yako ilinikuta nimelala kwenye kochi la rafiki. Ya mama nakurudishia, imo humu. Wewe ndiye uliyeitafuta, kaa nayo wewe.

Niliisoma nikiwa nimesimama. Nilidhani nitavunja kitu. Badala yake niliosha vyombo vya yule rafiki, vyote, hata vilivyokuwa safi. Miaka yote ile nilikuwa napeleka maji mtoni. Unasema niko huru. Siku moja utakaa ufikirie hilo neno, maana mimi nimelifikiria. Nilipokuwa nadhani hajui, nilikuwa na kitu nilichompa. Sasa sina.

Mwezi wa Januari mama aliteleza kwenye barafu ya mlangoni, nyonga ikavunjika. Hospitali walimwuliza ana nani, akawapa jina langu, wakanitafuta mpaka wakanipata. Nilipoingia wodini alinitazama, akasema, "Umechelewa." Nikasaini karatasi za kumtoa, nikamleta nyumbani. Sasa ndipo nilipo. Nampikia, namwosha nywele, nampeleka kwa daktari kwa kile kigari chake kidogo, na kila kona huniambia, "Polepole, wewe." Watoto wa shule wakinipita barabarani hufumba jicho moja. Wazazi wao huwakemea, lakini wakishapita nasikia na wao wanacheka.

Hajui kwamba nimesoma. Sitamwambia. Nilikaribia, jioni moja, nikiwa nampaka dawa mguuni. Nikasema, "Mama, ile siku ya msituni…" Akaniwahi, "Hatuzungumzii hayo mbele yake." Picha ya Adrian iko juu ya meko. Nikaendelea kupaka dawa. Nilitazama mkono wake uliokuwa juu ya blanketi, nikaona umekonda, nikagundua kwamba siwezi hata kumchukia. Nilitaka, nikakuta hakuna.

Kombe nalo lilitolewa Februari. Hawezi kusimama, akaniambia nimpelekee mshindi. Nikaenda. Kijana alipokea bila kunishika mkono, baba yake alikuwa amemfundisha.

Uliniuliza Jirani mpya ni nani. Namjua. Nilimfundisha mwenyewe kushika ile chupa. Sikwambii, na usiniandikie tena, wala hapa wala kwingine.

Mama hataki tukose kipindi. Jumapili saa mbili ananiita nikazime taa ya jikoni na nimletee sahani yake ya biskuti, tunakaa, yeye kwenye kiti chake, mimi kwenye kile cha Adrian, kwa sababu kingine kimevunjika mguu na hataki nikitengeneze. Yule mpya anaweka chupa chini, anaingia garini, anakwenda. Ni mzuri. Ana haraka kidogo, lakini ni mzuri. Mama humtazama mpaka mwisho bila kutafuna. Kisha anageuka kwangu na kusema, kila Jumapili, "Adrian angeendesha vizuri zaidi."

Nami namwambia, "Naam, Mama. Angeendesha vizuri zaidi."

Russell Oldroyd